"Mashine Imekataa": Ni Nani Atakayejibu?

(Hotuba iliyosomwa Banissa, Kaunti ya Mandera, mbele ya wanaharakati wa mageuzi, waumini wa makanisa na wazee wa mji)

 

Tulialikwa kuzungumza juu ya Katiba, na kwa kweli tulikuwa tumetayarisha hotuba ndefu juu ya Sura ya Nne, yenye vifungu vyote vya haki za binadamu kwa utaratibu wake. Hotuba hiyo tumeiacha mkobani. Sababu ni mzee mmoja aliyetujia jana jioni mahali tulipofikia, mkononi ameshika mkebe wa maziwa ya unga. Hakutusalimu kwa maneno mengi. Aliumimina mkebe juu ya meza, wakatoka vijiwe kumi na tisa, akatuomba tuvihesabu.

Mzee huyo huponda kokoto kwa mwanakandarasi ambaye hatutamtaja, kwa kuwa huenda shauri hili likafika mahakamani. Kila siku aliyofanya kazi alirudi nyumbani na kijiwe kimoja. Langoni pa kazi pamewekwa mashine ya kusoma alama za vidole. Mfanyakazi huweka kidole asubuhi, akaweka tena jioni, na siku yake ikahesabiwa. Lakini ninyi mnaowajua waponda mawe mnajua vidole vyao vilivyo. Jiwe limekwisha kula ngozi, na ile mistari Mungu aliyomchorea mja wake haionekani tena. Asubuhi mashine ikikataa, nyapara humwambia, "Ingia ukafanye kazi, mzee, tutarekebisha baadaye." Akaingia, akafanya kazi, jua likamchoma na vumbi likamjaa kifuani. Siku ya malipo kompyuta ikasema kumi na mbili. Alipouliza habari za siku saba zilizobaki, nyapara alinyoosha mikono akamjibu, "Si mimi, mzee. Mashine imekataa."

Mambo hayakuishia hapo. Mzee hana simu, na mwanakandarasi halipi ila kwa simu. Fedha zikatumwa kwa laini ya mpwa wake. Mpwa alikuwa na deni la mkopo wa simu, wa aina ile inayotolewa kwa kubonyeza tarakimu mbili tatu, na mara fedha za mjomba zilipoingia, mtandao ukakata deni lake kwanza. Kilichobaki kikatozwa ada ya kutolea. Basi jasho la siku kumi na tisa liliandikwa kuwa la siku kumi na mbili, na hata hizo kumi na mbili hazikumfikia zote mwenye jasho. Katika mkondo huo wote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekiri kwamba amemdhulumu. Nyapara ni mtu mwema, mzee mwenyewe anasema hivyo. Mpwa analia. Wakala wa fedha anasema yeye hufuata kinachoandikwa kwenye simu.

Tunaomba tukae na maneno yale mawili, "mashine imekataa", kwa kuwa tumeyasikia katika ofisi nyingi za nchi hii yakiwa yamevaa nguo mbalimbali. Mfumo umelala. Mtandao umepotea. Jina lako halionekani. Rudi kesho.

Kwanza tuitazame sheria, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 18, inasema kwamba ujira wa kibarua wa kutwa unastahili kulipwa mwisho wa siku ile ile. Kifungu cha 17 kinataka mfanyakazi alipwe yeye mwenyewe: kwa fedha taslimu, au kupitia akaunti ya benki aliyoichagua mwenyewe, au kwa hundi au hawala, na kama hayupo, alipwe mtu aliyemwidhinisha. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akitumika siku mfululizo ambazo jumla yake inafikia mwezi, hadhi yake inabadilika, wala haachishwi tena kazi jioni kwa kupungiwa mkono. Na sheria hiyo hiyo inamtwika mwajiri wajibu wa kuweka kumbukumbu. Kesi ikija naye akashindwa kuleta maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Kwa hiyo, msivicheke vijiwe vya mzee. Wapo wanasheria wenye tai ndefu ambao wamefika mbele ya jaji na ushahidi dhaifu kuliko ule.

Wako wenzetu watakaosema kosa ni la mashine, na dawa yake ni kununua mashine nzuri zaidi. Hatuafikiani nao. Mashine ya vidole hainunuliwi kwa ajili ya kokoto. Hununuliwa ili karani asiajiriwe. Faida ya kutomlipa karani inaingia mfuko wa mwenye kampuni, na hasara ya mashine kukosea inaingia tumbo la mponda mawe. Wala makosa hayo hayaendi pande zote mbili. Tumeuliza sana, na bado hatujampata kibarua aliyefanya kazi siku kumi na mbili mashine ikamwandikia kumi na tisa. Huo ndio ubepari tunaokutana nao kila siku, wala hauhitaji vitabu vizito kuuelewa: mwenye mali huchukua faida ya chombo, na mvuja jasho hubeba makosa yake.

Msidhani jambo hili ni la wazee wasiojua kusoma pekee. Nairobi kulikuwa na vijana wenye elimu, wengine wakijua Kisomali, Kioromo na Kiswahili, walioajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja picha na maneno ya kutisha katika Facebook. Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, alishtaki mwaka 2022. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 wakafika mahakamani wakipinga kuachishwa kazi. Meta, yenye mtandao wenyewe, ilijitetea kwamba haiko Kenya na kwamba si mwajiri wao. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa hoja ya kwamba mahakama za Kenya hazina uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo. Tazameni jinsi shauri la Nairobi na la Banissa lilivyo moja. Kijana wa ghorofani anaambiwa mwajiri wako ni mwingine. Mponda mawe anaambiwa aliyekukata ni mashine. Kote kuwili bwana yupo, amejificha nyuma ya pazia.

Watu wa jimbo hili walijua maisha ya namna hiyo kabla kompyuta haijafika. Tangu mwisho wa 1963 hadi 1991 mlitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, ambapo afisa mmoja aliweza kumzuia mtu na mifugo yake, na hakuna aliyemwuliza. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni wachunguzwe uraia wao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi wabebe pamoja na kitambulisho. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kadi hiyo. Baadaye ikaja orodha ya kompyuta. Wakati wa ukame, wazazi wa Garissa na Wajir walipeleka watoto wao kwenye kambi za Dadaab wapate chakula, au wao wenyewe wakajiandikisha, wakaweka vidole. Mtoto alipofika umri wa miaka 18 na kuomba kitambulisho, mashine ikasema huyu ni mkimbizi. Makumi ya maelfu ya Wakenya wamekwama hivyo, bila kitambulisho, na kwa hiyo bila laini ya simu, bila akaunti, bila kazi ya mkataba, bila kura. Shirika la Haki na Sheria la Garissa lililipeleka jambo hilo katika Mahakama Kuu. Hebu fikirini: njaa ya siku moja ya mwaka 1992 au 2011 imehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa na mashine, ilhali kuzaliwa kwa mtu katika nchi yake hakukuhifadhiwa na yeyote.

Ndugu zetu wa makanisa nao wana kumbukumbu yao. Makanisa yalipinga kura ya mlolongo hata kabla haijapigwa. Ilipopigwa mwaka 1988, watu walisimama nyuma ya picha za wagombea mchana kweupe, na foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Mlolongo ulikuwa udhalimu, lakini ulikuwa udhalimu uliokuwa na mashahidi: kila mtu kijijini aliiona foleni, na kila mtu alimjua aliyesema uongo. Miaka 29 baadaye tulikuwa na mitambo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliiamuru Tume ya Uchaguzi iruhusu seva zake zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba mwaka huo uchaguzi wa rais ukabatilishwa. Ndipo neno "fungua seva" likaingia katika lugha ya barabarani. Watu walifanya mzaha, lakini mzaha huo ulikuwa na hoja nzito ya kikatiba ndani yake. Foleni huweza kuhesabiwa na mchunga ngamia. Seva haihesabiwi ila na wale waliopewa ufunguo.

Na Banissa mna somo lenu ambalo nchi nzima ingefaa kulisikia. Mbunge wenu aliaga dunia mwezi Machi 2023. Mitambo ya kura ilikuwa ghalani. Daftari la wapigakura lilikuwapo. Kilichokosekana ni watu, kwa kuwa Tume haikuwa na makamishna hadi Julai 2025, na uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 27 mwaka huo. Kwa muda wa miezi 32 eneo hili halikuwa na mtu wa kusimama Bungeni kuuliza swali hata moja, iwe la maji, barabara au ujira wa vibarua.

Sasa tugeukie serikali yenyewe, ambayo siku hizi imekuwa duka la mtandaoni. Huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimepandishwa katika eCitizen kufikia Julai 2023. Mwezi ule ule wadukuzi wakaushambulia mtandao huo, na mwananchi aliyehitaji cheti akaambiwa asubiri. Nairobi kusubiri ni kero. Hapa mtu ametoka Malkamari amepanda lori usiku, amelala chini ya ukuta wa duka, halafu anaambiwa mtandao haupo. Akibahatika ukawapo, hamalizi shughuli peke yake, maana hana simu ya kufaa wala hajui Kiingereza cha fomu. Humlipa kijana wa saibakafe amjazie. Kijana huyo naye anajua neno la siri la nusu ya mji, na tunasema haya bila kumlaumu, kwani ndiye karani pekee ambaye serikali imetuachia, tena tunamlipa sisi.

Serikali ilipojaribu kuwalazimisha wazazi walipe karo ya shule za serikali kupitia mlango huo huo, pamoja na Sh50 za "urahisi", Mahakama Kuu ilitamka mwezi Aprili 2025 kwamba amri hiyo haikuwa halali, na kwamba ada ile haikuwa na msingi wa sheria. Kabla ya hapo, mwaka 2019, wananchi walitishwa kwamba asiyechukua Huduma Namba hatapata huduma. Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama ikasema mtu yeyote asilazimishwe wala asinyimwe huduma kwa sababu hiyo, na Januari 30, 2020 majaji watatu wakazuia mpango usiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha, huku wakikataa uchukuaji wa chembe za nasaba. Waliopeleka shauri hilo ni pamoja na Wanubi, ambao nao wanajua sana maana ya kuambiwa thibitisha kwamba wewe ni Mkenya.

Tusieleweke vibaya. Hatukuja Banissa kuwahubiria mvunje simu. Ng'ombe huuzwa kwa simu, habari za mvua hupatikana kwa simu, na M-Pesa tangu 2007 imewaokoa wengi kubeba fedha katika barabara zenye majambazi. Hata mpango wa HSNP, ambao tangu 2009 umewapelekea fedha maskini wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulileta jambo jema: mama alipata kilicho chake bila kumpigia chifu magoti. Wazee wanakumbuka zama za magunia ya msaada, orodha iliyoandikwa na mtu mmoja, na magunia yaliyopotea kati ya bohari na mti wa kugawia. Yeyote anayetaka kuturudisha huko atuache. Na inapokuwa milingoti ya mawasiliano imelipuliwa katika kaunti hii na wale wasiotutakia mema, tumeona wote jinsi mgonjwa asivyoweza hata kuitiwa gari.

Tunachodai ni kidogo, na kimekwisha kuandikwa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi ya umma kwa haraka, kwa sheria na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale anapoelekea kudhurika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inasema kwamba isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa humo, mtu ana haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalogusa haki zake; anaweza kutaka uamuzi huo uangaliwe upya. Kifungu hicho kinawabana wenye makampuni kama kinavyobana serikali. Kwa hiyo nyapara anaposema "mashine imekataa", jibu la kisheria ni kumwuliza: na wewe, je? Unakataa au unakubali? Tia sahihi.

Tunajua si rahisi. Mtu anayeuliza swali hilo langoni asubuhi huenda asipewe nyundo siku inayofuata, na nje ya lango wapo kumi wanaongoja nafasi yake. Kifungu cha 41 kinampa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na hata kugoma, lakini hatujaona tawi la chama chochote katika machimbo ya eneo hili. Hapo ndipo tunapozigeukia nyumba za ibada. Mwishoni mwa 1999, siasa za mageuzi zilipokwama, viongozi wa Kikristo, Kiislamu na Kihindu waliketi pamoja pale Ufungamano, Nairobi, na mchakato wa wananchi ukapata pa kukalia. Na watu wa kaunti hii wamefanya lililo kubwa kuliko kikao. Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo basi lao lilipotekwa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Mwaka mmoja kabla yake wavunja mawe 36 waliuawa Koromey kwa sababu ya imani yao. Wengi wenu hapa mnafanya kazi mbali na kwenu kwa kuwa wenyeji waliwaficha na kuwalisha siku za hatari. Watu waliokwisha kulindana mbele ya bunduki hawawezi kushindwa kuandikiana siku za kazi.

Maana hilo ndilo ombi letu: daftari. Kanisa liwe na moja, msikiti uwe na moja. Kila jioni kibarua apite, aseme jina lake, mahali alipofanya kazi na saa alizofanya, aandikiwe na shahidi atie sahihi. Halihitaji umeme. Daftari likitunzwa miezi mitatu, wakili yeyote anaweza kulipeleka mahakamani. Kwa mawakili wenzetu watakaosoma haya katika jarida tunaongeza neno: tangu Machi 2024 kesi nchini zinawasilishwa kwa mtandao, kwa hiyo mponda mawe hawezi kuufikia mlango wa jaji bila mtu wa kumwandikia. Tusiwe sisi nasi mashine ya kumkataa.

Mtatuuliza tumemfanyia nini yule mzee. Jana usiku tuliandika barua ya madai ya siku saba, tukataja vifungu, tukaeleza habari za vijiwe. Leo alfajiri tuliipeleka wenyewe katika ofisi ya mwanakandarasi. Kijana aliyekuwapo alituambia kwa adabu kwamba malalamiko hayapokewi kwa karatasi. Yajazwe kwenye tovuti ya kampuni. Tulimwomba atuonyeshe tovuti hiyo. Akabonyeza simu yake, akaiinua juu, akatoka nje, akapanda juu ya rundo la kokoto, akarudi. Mtandao haukuwapo. Tukamwomba apokee barua na aandike kwa mkono wake kwamba ameipokea, tarehe na saa. Alisitasita kidogo, kisha akaandika. Nakala tunayo hapa.

Kesho baada ya sala ya alfajiri tutaketi chini ya mti ulio nyuma ya ukumbi huu mpaka adhuhuri, na hatutozi ada. Wenye madai ya ujira waje, na wenye watoto walionyimwa vitambulisho kwa sababu ya orodha ya wakimbizi waje pia. Leteni kila mlichohesabia siku: karatasi, alama za makaa ukutani mlizoziandika upya, vijiwe. Mzee wa mkebe amekubali kuwa wa kwanza.